Fundi Akinyamaza, Bomba Litasema

Nina miaka tisa nasimamia miradi ya maji vijijini, mingi ikiwa Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma. Vijana wanaoanza kazi huniuliza habari za pampu na vipenyo vya mabomba. Hayo yako kwenye michoro. Mradi ukikwama, mimi kwanza huangalia nani hasemezani na nani.

Anza na salamu, na usiilipue. Ukishuka kwenye gari na kuuliza "jana mmechimba mita ngapi?", asubuhi yako imeshaharibika. Mimi ni mtu wa Tanga, Kigogo changu ni cha kuombea maji (na maji yenyewe nayaleta mimi), lakini "mbukwenyi" siachi kuisema. Nikiikosea vibarua wanacheka, na mtu aliyekucheka asubuhi haogopi kukuambia mchana kwamba sururu imevunjika. Tembea mtaro mzima kabla hujafungua daftari. Jifunze majina. "Wewe wa fulana nyekundu" si jina la mtu.

Ukitoa maelekezo, usiulize "mmeelewa?" Utajibiwa "ndiyo, injinia" hata na aliyekuwa anaongea na simu. Uliza: utaanzia wapi? Ukikutana na mwamba utafanyaje? Akianza kueleza, utaona mwenyewe pale maelezo yako yalipopinda.

Sasa niseme kosa langu, maana hilo ndilo lililonifunza.

Ilikuwa Oktoba, saa tano, upepo unatupiga vumbi usoni. Tulikuwa tunachomelea mabomba ya plastiki kwa sahani ya moto, na fundi wangu ni mtu mzima, kanizidi kama miaka ishirini. Jenereta lilikuwa linakohoa. Akainua mkono: "Injinia, hii sahani naona…" Nikamkata kauli: "Mzee, tumechelewa siku nne. Choma." Vibarua kumi na wawili wanasikia. Akajifuta jasho, akatupia kitambaa begani, akaendelea. Hakutamka neno mpaka jioni. Mimi nikajua amekubali.

Siku ya kupima presha, viungo vinne vilivuja, vyote vya siku ile. Sahani ya kuchomelea inatakiwa iwe kwenye nyuzi 200 hadi 220 za Selsiasi. Jenereta lilikuwa limezidiwa, joto linashuka, na plastiki inashikana juu juu tu. Kwa macho kiungo kinaonekana kizima. Nilipomkatiza, kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye kipimajoto. Nilikiona. Tukafukua mtaro tuliokwisha kuufukia na kuushindilia.

Nilimwomba radhi mbele ya walewale kumi na wawili, na hapo ndipo nilipopata utaratibu ninaoufuata hadi leo: fundi akikosea, mvute kando, kivulini, mzungumze wawili. Ukikosea wewe, omba radhi palepale ulipokosea, mbele ya waliosikia. Ukimwomba radhi pembeni kwa aibu uliyompa hadharani, bado anakudai. Yeye alinijibu, "Yameisha, mama. Ila lile jenereta tusilirudishe."

Siku hizi kabla hatujawasha chochote namuuliza fundi: leo nini kinaweza kutuangusha? Kisha nanyamaza. Hapa ndipo pagumu. Wazee wengi niliofanya nao kazi huanzia mbali, kwenye mradi wa mwaka fulani na msimamizi fulani, ndipo wafike kwenye jenereta. Ukimharakisha atakomea njiani. Na akikuambia "injinia, hebu njoo uone kitu", acha simu uende.

Kuhusu malipo sina mengi. Yakichelewa, wasisikie kwa dereva. Simama mbele yao uwaambie, na kama tarehe huijui usiwatungie. Kundi la WhatsApp ni la picha za vipimo na risiti. Kumgombeza mtu humo saa nne usiku ni kujitafutia adui bure.

Halafu kuna kalenda ya kijiji. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mvua yote hiyo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ikinyesha ya kwanza, mtaro unabaki mtupu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mwenyekiti wa kijiji barua kali kuhusu utoro. Utoro gani? Mtu anawahi kupanda uwele, na hicho ndicho chakula cha mwaka mzima. Sasa ratiba naipanga nao mkutanoni: siku za shamba zinaandikwa kwanza, kazi inawekwa kwa zamu, na uchimbaji mkubwa tunaumaliza kabla ya mvua.

Mkutano wenyewe usikudanganye. Wanaume wataongea, mtendaji ataandika muhtasari, mtapiga makofi. Wachota maji hasa wamekaa nyuma na watoto mgongoni, kimya. Nenda ukawakute kwenye foleni ya kisima cha zamani, shika ndoo, msaidie mtu kujitwisha. Nikiwa kwenye foleni hiyo mama mmoja aliniuliza, bila kunitazama, kama kweli kilula, yaani bomba la kuchotea maji la watu wote, kinajengwa pale kando ya kilabu cha pombe. Nikamwambia ndiyo, ni karibu na nyumba nyingi. Akasema, "Sawa. Mabinti zetu watakuja huku huku kisimani."

Kwenye mkutano, pendekezo la kukijenga pale kilabuni lilikuwa limepita bila mtu kupinga. Tulikisogeza kilula mita sabini, upande wa zahanati. Kwenye mchoro tuliokabidhi bado pana alama ya kalamu nyekundu.