Diski tatu, mlango mmoja

Wenzangu mnaorekodi harusi na unyago huku Mtwara, diski zikijaa msikimbilie kuziunganisha kuwa volumu moja kwenye Windows, yaani zionekane kama diski moja kubwa. Ikifa moja, zote zinakwenda nayo. Mimi sasa naziingiza kama folda. Tengeneza folda tupu kwenye diski D (lazima iwe NTFS, yaani mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski). Bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc ufungue dirisha la kusimamia diski, bofya kulia volumu ya diski ya pili, chagua “Change Drive Letter and Paths”, ongeza njia mpya, uielekeze kwenye ile folda. Hakuna kinachofutwa. Ukifungua D unaona kazi zote pamoja, ila kila diski imeshika mafaili yake, kwa hiyo ikiharibika moja unapoteza ya humo tu. Hata D yenyewe ikifa, zilizobaki unazipa herufi nyingine, unaendelea.

Inapokwama: nafasi hazijumlishwi. Video ya GB 80 haiingii penye GB 50, hata kama diski ya jirani ina GB 300. Na diski ya USB ukiichomoa, folda haifunguki mpaka uirudishe. Hii si bekapu, jamani. Video ya bibi harusi iwe na nakala kwingine.