Usikate bomba la zamani la mafuta kabla hujalipima

Mafundi wenzangu, hasa nyie mlioko Oman na Ghuba kwenye yadi za mabomba yaliyotolewa visimani, naomba msome hii. Ule ukoko mgumu ndani ya bomba unaweza kuwa na mionzi, na hakuna mtu aliyeiweka, imetoka ardhini. Maji yanayopanda na mafuta yanabeba bariamu (madini ya kawaida) na radiamu kidogo (madini yenye mionzi), sasa kule Bahari ya Kaskazini, Ulaya, wanasukumia maji ya bahari chini ili mafuta yapande, maji hayo yana salfeti (aina ya chumvi), maji hayo mawili yakikutana tu bariamu inaganda ukutani na radiamu inaganda humohumo. Radiamu-226 inachukua miaka 1600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo bomba likikaa yadi miaka ishirini usidhani limeisha nguvu.

Kupima kwa kifaa cha mionzi sio kazi ngumu. Anza mbali na mabomba, andika namba ambayo kifaa kinaonyesha, ndiyo ya kawaida ya eneo. Kisha pitisha kifaa polepole karibu na bomba, vali, viungo na chini ya matangi maana tope linatulia huko. Wengi wanashika hivi: namba ikifika mara mbili ya kawaida, kazi inasimama, weka alama, muite mtu wa usalama wa mionzi. Lakini kifaa kikiwa nje kinaona mionzi ya gama tu, ile ya alfa haipiti chuma, kwa hiyo pima na midomo ya bomba. Mitambo ya gesi ndio inadanganya zaidi, radoni (gesi yenye mionzi) inafuatana na gesi ya propani halafu inaacha risasi-210 (madini ya risasi yenye mionzi) kwenye kuta za pampu na mabomba, nje kifaa kimya kabisa, lazima upime ndani ukishafungua na hewa imetoka.

Kitu cha kuogopa hasa ni vumbi, likiingia mapafuni linakaa. Usipige greinda kavu hata kama bosi anakukimbiza! Lowesha ukoko muda wote, vaa maski yenye filta ya P3, ya kuzuia vumbi laini sana (ile ya kitambaa haisaidii), ovaroli na glavu, usile wala kuvuta sigara pale, na pima mikono na viatu kabla hujatoka. Bomba lililobaki ziba ncha zote mbili, ukoko uingie kwenye pipa linalofungwa lenye lebo.

Na tafadhali msiuze kama skrepa au kupeleka nyumbani, Marekani mabomba ya hivi yaliishia kwenye uzio na bembea za watoto.