Kulisha Kuku wa Nyama kwa Nanenane ya Ngongo

Ukitaka kuku wa wiki 6 kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, ingiza vifaranga Juni 27. Siku 14 za mwanzo wape stata (chakula cha kuanzia) yenye protini asilimia 22, kisha groa (cha kukuzia) ya 20, na finisha (cha kumalizia) ya 18 kuanzia siku ya 29. Kila unapobadili, changanya cha zamani na kipya kwa siku 3, la sivyo wataharisha.

Usiongezee makopa ya muhogo: yanashibisha, ila protini yake ni kidogo mno na kifua hakijai.

Adui mkubwa ni joto la pwani. Kuku anayehema mdomo wazi hali chakula. Jaza vyombo vya chakula alfajiri na jioni, taa iwake waone kula, maji yasikae juani: angalau lita 2 kwa kila kilo ya chakula.