Kutunza Maji ya Bwawa la Samaki Nyumbani

Mfugaji wa perege mwenye bwawa dogo uani, awe Marangu au Tengeru, kaskazini mwa Tanzania, hushawishika kubadilisha maji mara tu yanapogeuka kijani, ilhali ukijani wa wastani, unaoletwa na mwani (vijimea vidogo vya majini), ni chakula cha samaki hao na mchana huzalisha oksijeni wanayoivuta. Kabla ya kumwaga chochote, zamisha mkono wima: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, yaani kina cha sentimita 30 hivi, maji yanafaa. Kikiendelea kuonekana wazi, ning'iniza pembeni gunia la samadi iliyooza; kikipotea mapema, ondoa gunia hilo na punguza chakula.

Mwani uliozidi huleta madhara usiku, kwa kuwa giza likiingia nao hutumia oksijeni badala ya kuitoa, na kiwango chake huwa cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Ukikuta perege wamejaa juu wakitweta alfajiri, usiwalishe; ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa, kisha toa yale ya chini, yenye tope na kinyesi, kwa mpira, bila kuzidisha robo ya bwawa kwa siku moja. Maji hayo yaelekezwe kwenye migomba, ambayo huyafaidi kuliko mtaro wa barabarani. Kambale hupanda juu kuvuta hewa kwa maumbile yake, hivyo asikutie hofu.

Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku moja au mbili kwenye tangi lililo wazi. Ya mfereji yapitishwe kwenye wavu wenye matundu madogo, na yafungwe kabisa wakati wa masika yanapokuja na udongo, au jirani wa juu anaponyunyizia dawa kahawa au nyanya.

Udongo wenye tindikali hutibiwa bwawa likiwa tupu, kwa kutawanya chokaa ya kilimo, takriban kilo 1 kwa mita 10 za mraba. Chokaa ya moto, yaani iliyochomwa, isitiwe kamwe kwenye maji yenye samaki.

Juni na Julai, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, perege hula kidogo sana. Pumba na mashudu yanayobaki huoza na kuzalisha amonia, kwa hiyo lisha adhuhuri tu, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika chache.