Jenereta ya dizeli haipendi kazi nyepesi

Ukiona ekzosi ya jenereta yako ya dizeli inadondosha matone meusi yenye utelezi, usikimbilie kumlaumu fundi. Mara nyingi mashine ni kubwa kuliko kazi. Jenereta ya kVA 20, yaani kama kilowati 16, ikikesha na taa chache na friji mbili tu, injini haipati joto la kutosha: dizeli haiungui yote, masizi yanaganda kwenye nozeli za kunyunyizia dizeli na kwenye ekzosi, moshi unanuka. Na mafuta bado yanaliwa, maana msuguano, feni na pampu vinadai haki yao hata taa ikiwa moja.

Jitahidi mzigo, yaani umeme unaotumika, usishuke chini ya asilimia 30 ya uwezo wa jenereta, hapo ni karibu kilowati 5. Pampu ya kisima, pasi, mashine ya kufulia, vyote visubiri saa jenereta inaponguruma. Usiku tumia betri na inveta, jenereta izimwe.

Matone yakishaanza, ipe mzigo wa asilimia 70 hadi 80 kwa saa moja au mbili, ukiupandisha polepole. Ondoa kwanza chochote cha kushika moto karibu na ekzosi. Mwanzoni itafuka sana. Majirani watanuna kidogo.