Jinsi ya kuutafuta mwaka halisi wa kuanzishwa kwa klabu kongwe ya ridhaa

Klabu nyingi za zamani mikoani Tanzania zina mwaka uliochorwa ukutani au kwenye nembo, na mara nyingi mwaka huo ndio wenye matatizo. Usiuchukue hivihivi. Fungua daftari, piga safu nne: vijana walianza lini kucheza pamoja, walijipa jina lini, walisajiliwa lini, waliingia ligi lini. Ni mambo manne tofauti, na historia nyingi huharibika kwa kuyafanya jambo moja.

Usajili ndio unaopotosha zaidi. Sheria ya vyama ya Tanganyika ni ya 1954, na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) liliundwa kwa sheria ya 1967. Klabu iliyokuwa ikicheza miaka ya 1930 ikiwa na hati ya BMT ya miaka ya 1970 haina kasoro yoyote. Hati inasema tu ilipotambuliwa na baraza.

Kisha nenda kwa wazee, mapema kuliko unavyopanga. Tafuta angalau watano: mchezaji, mtunza hazina au katibu, refarii, shabiki, na mtu wa timu pinzani. Huyu wa mwisho usimwache, maana hana sababu ya kuipamba klabu yako. Wahoji mmoja mmoja. Ukiwakusanya barazani, mwenye sauti kubwa atasema na wengine wataitikia.

Usiulize "Shikamoo mzee, ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia ule wa kwenye nembo. Uliza kwa matukio: kabla au baada ya Vita vya Pili? Princess Margaret alipokuja mwaka 1956 mlikuwa na jezi au mlicheza peku? Bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1961, nani alikuwa kapteni? Mpira wenyewe nao una vigingi vyake. Kombe la Gossage lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Anayesema aliichezea Tanganyika kwenye Gossage hawezi kuwa anazungumzia 1940. Na akisema walicheza na "Sunderland", elewa ni kabla ya 1971, klabu hiyo ilipoitwa Simba. Akisema "Simba" bado hujathibitisha kitu, kwa sababu watu huyatumia majina ya leo kwa mambo ya jana.

Picha ya kikosi ishughulikie polepole. Mwaka ulioandikwa kwa chaki kwenye mpira ulio mbele ya wachezaji ni wa siku ya picha, si wa kuanzishwa klabu. Geuza nyuma utafute muhuri wa studio. Kama imegandishwa kwenye albamu usiibandue, itachanika. Ipige palepale kivulini karibu na dirisha, bila flashi. Majina yaandike kuanzia kushoto, mstari kwa mstari, ukiwauliza wazee wawili kwa nyakati tofauti. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Risiti na kadi za uanachama zina ushahidi wake pia: karatasi rasmi yenye jina la Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, na shilingi ya Tanzania ilianza 1966.

Kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, au zile za Zanzibar pale Kilimani, uliza kwanza masharti ya kibali. Usitafute jina la klabu peke yake. Tafuta majalada ya wilaya yanayohusu viwanja, vyama na burudani, kwani klabu huonekana pale inapoomba uwanja au inapogombana. Magazetini anza na Mambo Leo, lililotoka 1923, na Tanganyika Standard la 1930, ukijaribu tahajia tatu au nne za jina lilelile.

Angalia pia migawanyiko na miungano. Yanga inahesabu 1935 na Simba 1936, baada ya kundi kujitenga. Kule Kenya, Abaluhya United ya 1964 ilitokana na timu kadhaa kuungana. Klabu ya namna hiyo ina mizizi ya zamani kuliko jina lake, kwa hiyo chora mti wa majina kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Mwishowe andika kwa kadiri ya ushahidi: "ilikuwa ikicheza kabla ya 1945 kwa kauli za wachezaji wawili; hati yake ya usajili ni ya 1969."