Somo: Kumfundisha kijana wa karakana kusema "Fundi, ngoja kwanza"

Somo hili ni la walimu wa ufundi na mafundi wenye vijana chini yao, hasa wa kuchomelea vyuma na useremala. Mara ya kwanza kulifundisha hapa Tanga nilibandika mabango, nikasoma kanuni kumi na mbili, vijana wakaandika na mtihani wakafaulu. Wiki mbili baadaye nikamkuta mmoja wao kwenye fildi anakata nondo na kandambili miguuni. "Fundi kaniambia niwahi, mwalimu." Kanuni alizijua zote. Hakujua amwambieje mkubwa wake asubiri.

Hatua ya 1: Anzia kwenye baiskeli

Mji wetu ni wa baiskeli, kwa hiyo ingiza moja darasani. Uliza ni nani suruali yake imewahi kuliwa na mnyororo. Mikono itanyooka, na kila mmoja atataka kusimulia. Waache. Wakimaliza watakuwa wamekueleza wenyewe kitu kinachozunguka hufanya nini kwa nguo inayoning'inia, na lile bati la juu ya mnyororo liliwekwa kwa nini.

Sasa wape chaki, wawili wawili, wazunguke karakana na kuchora duara kila wanapoona "mnyororo" mwingine: mkanda wa mashine, drili, msumeno wa duara. Usiwasaidie. Waliokulia kwenye mashamba ya mkonge hawatakosa kutaja korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na mikono inayoilisha majani. Suala la ushungi waachie wasichana. Kwangu walikubaliana wenyewe: ufungwe mfupi, ncha ziingie ndani ya ovaroli. Ningelisema mimi lingesikika vingine.

Hatua ya 2: Grenda (hapa msiharakishe)

Tenga asubuhi nzima. Weka mezani grenda ndogo, mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma, yenye jiwe (diski ya kukatia) la milimita 125, na jiwe kubwa la milimita 230. Wasome maandishi. Mashine ndogo nyingi huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Jiwe kubwa limeandikwa kikomo cha mara 6,600 hivi. Kisha waulize: tukitoa kava inayokinga jiwe na kulilazimisha jiwe kubwa kwenye mashine ndogo, ukingo wake utakwenda kasi gani?

Wapige hesabu wenyewe ubaoni. Mzingo wa jiwe ni kama mita 0.72. Mashine inazunguka mara 183 kwa sekunde. Jibu ni mita 132 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Jiwe limetengenezwa kwa mita 80 kwa sekunde. Darasa hunyamaza hapo bila mimi kukemea.

Mimi sikupigiwa hesabu hiyo. Nilikuwa saidia fundi kwenye karakana moja ya uani, nikaambiwa kava inachelewesha kazi, nikaitoa. Jiwe lilipasuka, kipande kikanipitia tayani. Kovu hili wanafunzi huliona siku ya kwanza, lakini huwa siwaambii habari yake mpaka hesabu iishe.

Malizia na tarehe. Kwenye pete ya chuma katikati ya jiwe kumepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Mafundi wengi wa miaka ishirini kazini hawajawahi kuisoma.

Hatua ya 3: Kinga za mwilini ziwe za mwisho

Vijana hudhani usalama ni buti na miwani. Wafundishe kuuliza kwa mpangilio: hatari hii inaweza kuondolewa? Kubadilishwa? Kuzuiwa kwa kava au umbali? Miwani ije baada ya hapo, na bado ivaliwe.

Hatua ya 4: Mazoezi ya kukataa

Hili ndilo somo lenyewe. Wewe uwe fundi, mwanafunzi awe saidia fundi. Mwambie kwa ukali: "We dogo, toa hiyo kava, funga jiwe kubwa, mteja anasubiri!"

Wengi watacheka na kutii. Wengine watasema "sheria hairuhusu," na hapo fundi halisi angemfukuza. Jibu lililofanya kazi darasani kwangu lilikuwa na heshima, sababu na njia nyingine ya kumaliza kazi: "Samahani fundi, jiwe hili ni la 6,600 na mashine ni 11,000. Naomba nikalete jiwe dogo, nakata sasa hivi." Rudieni. Mzidishie: "Wenzako mbona wanakata?" Kisha: "Kesho usije." Sitawadanganya, wapo waliorudishwa nyumbani kwa jibu hilo. Kwa hiyo chuo kiwe na mwalimu wa kupigiwa simu siku hiyo hiyo, na kiache kupeleka vijana kwa fundi huyo.

Hatua ya 5: Daftari la nusura

Litundikwe mlangoni na kalamu yake. Kila aliyenusurika aandike: nini, wapi, saa ngapi. Jina si lazima. Ukimwadhibu mmoja tu kwa alichoandika, daftari limekufa.

Maswali niliyoulizwa

*Seremala, Muheza: Kwenye drili na msumeno wa duara wavae glavu?*
Hapana. Glavu hunaswa na kuvuta mkono mzima. Zivaliwe kubeba mbao na kuchomelea.

*Mwanafunzi wa fildi, Pongwe: Bosi anasema buti ninunue mwenyewe.*
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Usianze kwa kugombana. Mwambie mwalimu wako wa fildi azungumze naye. Asiposikia, kuna OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

*Mzazi, Korogwe: Wangu ana miaka 16. Kiwandani anaruhusiwa?*
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kiwandani, ila inatoa nafasi pale kazi ikiwa sehemu ya mafunzo yake. Kwa hiyo uliza chuoni: nani anamsimamia pale, na amepangiwa mashine gani?

*Fundi, Makorora: Pipa la petroli tukiliosha kwa sabuni, tunaweza kulikata?*
Kijana asiliguse. Mafuta hujificha kwenye mikunjo, joto la moto likiyafikia yanageuka mvuke, na pipa linalipuka. La dizeli pia. Tafuteni bati badala yake.

*Saidia fundi, Duga: Macho usiku kama yamejaa mchanga. Nimeambiwa niweke vipande vya kiazi.*
Ni mwanga wa kuchomelea umekuunguza macho. Kiazi hakitibu. Usiyasugue, kaa gizani, nenda zahanati. Na usimshikie fundi chuma anapochomelea huku umefumba macho tu. Dai kioo cheusi chako, namba 10 au 11.

*Fundi, Chumbageni: Mimi ndiye fundi. Kijana akiniambia "ngoja kwanza" mbele ya mteja, je?*
Zima mashine, uangalie anachokuonyesha. Akiwa sahihi mwambie ahsante kwa sauti. Akikosea mweleze, na ahsante umpe vilevile. Mteja akinuna, mwambie geti lake litakuwa tayari saa kumi badala ya saa tisa.